Ng'ombe Wanaolamba Barabara

Jumamosi. Jua la Kisanga limewaka tangu asubuhi, na mimi nina furaha na aibu kwa pamoja.

Nianze na aibu. Kiangazi cha mwaka jana vumbi la barabara lilikuwa linaingia dukani kwangu hadi kwenye unga. Nikaona video kwenye simu: nchi za baridi, gari linamwaga chumvi barabarani. Kumbe kule wanayeyusha barafu. Mimi nikajiongeza kwamba chumvi itashika vumbi. Nikawashawishi wenzangu wenye maduka, tukamwaga magunia ya chumvi ya mawe mbele ya milango yetu. Vumbi likapungua kidogo, nikawa natembea kifua mbele.

Kisima chetu kiko bondeni, chini tu ya maduka. Mvua ya masika ikanyesha. Mipapai iliyo kando ya mtaro unaoshuka kisimani ikakauka, nikasingizia wadudu.

Mama yangu ana presha. Zahanati walimwambia apunguze chumvi, nami nikajifanya askari wa jikoni: nikaficha kopo, nikampikia mboga chapwa. Presha haikushuka. Nikamtuhumu kwamba analamba chumvi kwa siri. Yeye akaniambia, tena na tena, kwamba maji ya kisima ndiyo yana chumvi. Nikamjibu kwamba hiyo ni hamu tu.

Nilimjibu hivyo mama yangu mzazi.

Jana akaja Mama Kulwa, jirani yetu mfugaji, ambaye wazazi wake walihamia huku na ng'ombe kutoka kanda ya ziwa. Akamwamkia Mama shikamoo, akakaa, akasema ng'ombe wake hawapiti tena moja kwa moja mbele ya duka langu. Wanasimama kulamba barabara huku malori yanakuja, na juzi nusura ndama agongwe. Akataka kujua tulimwaga nini pale. Nikamweleza huku nacheka. Yeye hakucheka. Aliomba masufuria mawili.

Furaha yangu ni mwanamke huyu; namvulia kofia. Hakubishana na mtu. Alichemsha maji ya kisima kwenye sufuria moja na maji ya chemchemi ya mlimani kwenye jingine, hadi yote yakakauka. La chemchemi lilibaki karibu safi. La kisima liliganda ukoko mweupe. Akachovya kidole, akaonja, akanisogezea sufuria.

Chumvi.

Mama alikuwa anatazama. Nilijua atanisema, na ningestahili. Akasema tu, "Mwanangu, ulimi wangu ni mzima."

Leo Mama Kulwa kaja na mkokoteni na majembe, kana kwamba kosa ni lake. Nimewaambia wenzangu wote kwamba wazo lilikuwa langu, kisha tumekwangua udongo wa juu mbele ya maduka na kuupeleka mbali na maji. Kisima chenyewe hakitapona upesi. Mikono yangu ina malengelenge, ya Mama Kulwa haina hata moja.

Kesho, kabla sijafungua duka, nitapanda mlimani kuchota ndoo ya Mama. Presha yake tutaipima wiki ijayo, na sijui itakuwaje.

Kopo la chumvi nimelirudisha mezani. Hajaligusa.

Ng'ombe walipolamba barabara, niliamini siku hiyo hiyo. Mama alisema kwa miezi miwili. Nilikuwa nasubiri nani amtolee ushahidi?