Aliyevushwa Kijito

Jumatatu, 3 Oktoba 1949

Kasisi Peverell amenipa kazi. Kanisa letu la Marlcombe litatimiza miaka mia sita mwakani, naye anataka kijitabu — kurasa ishirini, historia ya kijiji na parokia. "Umefundisha watoto wa hapa miaka thelathini na minane, Mwalimu. Nani mwingine ataweza?" Nikajifanya nafikiri. Moyoni nilishakubali kabla hajamaliza chai yake.

Watu watataka habari za kengele, na za yule mfalme anayesemekana alilala hapa (hakulala). Mimi nina swali langu. Tangu utotoni, watoto wa Tidlow, ng'ambo ya kijito, wametuzomea: "Mmemvusha nani leo?" Hata sasa kwenye kriketi, tukishindwa, wazee wao hulisema. Nimeuliza watu kumi. Hakuna ajuaye maana yake. Kuzomeana vizazi na vizazi bila kujua sababu — nani alianza?

Alhamisi, 6 Oktoba

Sanduku la kanisa limefunguliwa. Vumbi, mavi ya panya, vitabu kumi na vinne vyenye jalada la ngozi. Ufunguo mmoja anao Kasisi, wa pili Reuben Yelland, mzee wa kanisa na mwenyekiti wa baraza la parokia. Tulikaa dawati moja shuleni, mimi na Reuben. Alikuwa akiniibia hesabu.

"Andika kwamba akina Yelland tuko hapa tangu Adamu," akasema.

"Adamu hakuwa na shamba Marlcombe."

"Basi tangu Nuhu. Na ng'ombe wale wale."

Tukacheka. Lakini hakuondoka. Alisimama akivitazama vitabu mpaka nikamwambia ananizibia mwanga.

Jumapili, 9 Oktoba

Nje ya kanisa leo hakuna aliyezungumzia mahubiri. Zile nyumba nne mpya za serikali karibu zinakwisha, na baraza letu limeombwa majina ya watakaopewa. Kikao ni tarehe 29. Reuben ameshatangaza kanuni yake: aliyezaliwa hapa kwanza, mgeni baadaye.

Mgeni ni Stan na Ivy Pask, hakuna wengine. Walitoka Plymouth, nyumba yao ilivunjwa na mabomu. Mwaka wa pili huu wanaishi kilimani kwenye kibanda cha bati kilichoachwa na jeshi. Stan anazibua mitaro ya barabara. Ivy anafagia kanisa, na mimba ni ya miezi minane. Nikamwuliza hali.

"Bati linatoa jasho, Mwalimu. Asubuhi blanketi utadhani limetoka kufuliwa."

Bi Ridd wa dukani alinivuta kando. Watu wazuri, hakatai. Lakini si wa hapa. Ana mpwa wake, Cyril, anafanya kazi Exeter, anataka kuoa. Huyo alizaliwa hapa, nyuma ya duka.

Nimekula viazi vyangu nikilitafuna na neno hilo. Mama yangu alitoka Bideford. Mtu huanza kuwa wa hapa lini hasa?

Jumatano, 12 Oktoba

Macho yanauma. Mwaka mzima wa 1771 wazee wa kanisa waligombania nani akae benchi la mbele. Hakuna jipya chini ya jua.

Jumamosi, 15 Oktoba

Nimepata. Nilikwenda kunawa mikono kwanza.

Kitabu cha mikutano ya wazee, Novemba 1788. Nanakili kama ilivyo: "Imeamuliwa kwamba Grace Vanstone, mwanamke mwenye mimba iliyokomaa, asiye wa parokia yetu, avushwe kijito leo hii. William Yelland atoe farasi na gari."

Basi. Sentensi mbili. Sheria ya wakati ule ilikuwa hivyo: mtoto asiye na baba alikuwa mzigo wa parokia alimozaliwa, imlishe mpaka akue. Kwa hiyo wakawahi. Wakamtoa uchungu haujaanza — au umeshaanza? Kitabu hakisemi.

Mmemvusha nani leo. Grace Vanstone. Miaka mia moja na sitini na moja wametuzomea kwa haki, na wao wenyewe wamesahau.

Ilikuwaje baada ya hapo? Siwezi kulala bila kujua. Yaani naweza, lakini vibaya.

Jumanne, 18 Oktoba

Nilikwenda Tidlow kwa baiskeli. Upepo wa usoni njia nzima. Amos Luscombe, mchimba makaburi wao, ndiye anayetunza vitabu. Alinipokea mlangoni mwa kanisa.

"Karibu, Bi Tozer. Umemvusha nani leo?"

"Nimekuja kukuonyesha ni nani, Amos."

Akaleta kiti, na kingine akakalia mwenyewe.

Siku tatu baada ya ule mkutano wetu: "Amebatizwa Jonas, mwana wa Grace Vanstone, mgeni, kazaliwa zizini penye daraja." Amos ndiye aliyefungua kitabu cha mazishi, bila mimi kumwomba. Siku ile ile ya ubatizo. Grace Vanstone. Umri haukujulikana.

Daraja lenyewe naliona hata kutoka dirishani kwangu majani yakipukutika. Walimvusha, wakamshusha, wakageuza farasi.

Ndani ya kile kitabu mlikuwa na karatasi iliyokunjwa. 1797: mtoto yatima Jonas Vanstone, miaka minane, apelekwe Marlcombe akae na kufanya kazi kwa — nililisoma jina mara tatu — William Yelland.

"Huyo si ndiye mwenye farasi?" Amos akauliza.

Ndiye.

"Alimrudia kwa nini?"

Laiti ningejua. Nimerudi nyumbani nikisukuma baiskeli, siwezi hata kupanda.

Alhamisi, 20 Oktoba

Kitabu chetu cha ndoa, 1812. "Jonas Vanstone, aitwaye Yelland." Ametia alama ya msalaba mahali pa sahihi. Baada ya hapo jina la Vanstone halionekani tena. Watoto wake sita wote ni Yelland, na katika kizazi cha William hakuna Yelland mwingine aliyeacha mtoto. Nimeshuka nao mmoja mmoja kwa kidole mpaka Reuben.

Kwa hiyo. Mwenye kanuni ya aliyezaliwa hapa ni uzao wa Grace Vanstone.

Naona aibu kuandika kwamba kitu cha kwanza nilichohisi ni furaha. Ya kumkuta Reuben amekosea hesabu.

Jumatatu, 24 Oktoba

Nilimwonyesha Kasisi. Alivua miwani, akaivaa. Jambo la kusisimua, alisema, ila kijitabu ni cha sherehe, na Reuben ndiye aliyetoa mbao za paa. Labda niandike tu kwamba zamani maisha yalikuwa magumu. Nikamwuliza: magumu kwa nani? Akasema nifuate dhamiri yangu. Makasisi husema hivyo wakitaka kwenda kula.

Ivy alikuwa akifagia upande wa pili. Sijui alisikia kiasi gani. Ameanza kuegemea ufagio kila baada ya hatua chache.

Alhamisi, 27 Oktoba

Nimekwenda kwa Reuben. Alikuwa kwenye banda la kukamulia matofaa, nyigu wa mwisho wa msimu wamemzunguka.

"Umekuja kunywa au kunisahihisha, Thirza?"

Nikampa karatasi yenye yote niliyonakili. Aliisoma polepole, kidole chini ya kila neno, kama utotoni. Nikangoja hasira. Haikuja.

"Hili la mama kuzikwa siku ile ile ya ubatizo sikulijua," akasema.

"Na mengine?"

"Baba aliniambia nikiwa na miaka kumi na miwili. Naye aliambiwa na babake. Unaambiwa, unaapishwa. Nyumba nzima ina kitu mdomoni, wa kukitema hayupo, wa kukimeza hayupo."

Kumbe siku ile kwenye sanduku hakuwa akinizibia mwanga bure. Nikamwuliza ilikuwaje basi, mtu anayejua hivyo, awafungie akina Pask mlango.

"Aliyeingia kwa mlango wa nyuma ndiye anayeufunga kwa makomeo mawili. Wewe hujawahi kuogopa kuulizwa umetoka wapi. Mimi nimeogopa tangu navaa kaptura."

Nikamwuliza la William. Kwa nini alimchukua mtoto? Reuben alitazama matofaa yakishuka kwenye kinu.

"Wengine kwetu walisema ni damu yake mwenyewe. Baba alikataa. Alisema William alimsikia yule mwanamke akilia njia nzima, akawa anamsikia hata baadaye. Miaka minane ya kumsikia. Nilidhani vitabu vyako vitasema ipi kweli."

Vitabu havisemi. Nilimwambia hivyo, na nadhani sote wawili tuliumia.

"Utaandika?"

"Sijui. Na Jumamosi, wewe utafanyaje?"

"Nami sijui." Akanijazia chupa ya juisi, akaifunga kizibo kwa kiganja. Sikumtisha. Nataka iandikwe hapa kwamba sikumtisha. Lakini mbona nilikwenda siku mbili kabla ya kikao, si wiki iliyopita?

Jumamosi, 29 Oktoba — shuleni, saa kumi na nusu alasiri

Mapumziko ya chai. Naandika katika chumba cha makoti ya watoto, mlango wazi, nawaona wote.

Nyumba tatu zimepita bila ugomvi. Ya nne: Cyril Ridd, au Stan na Ivy Pask. Cyril hakuja, kuna mechi Exeter. Bi Ridd alimsemea kwa robo saa. Stan alisimama, akasema wao hawana la kusema, wana la kuomba tu, akakaa. Wajumbe wawili wamekwenda huku, wawili kule. Imebaki kura ya mwenyekiti. Reuben akasema tunywe chai kwanza. Katika miaka ishirini ya uenyekiti hajawahi kusimamisha kikao kwa ajili ya chai.

Hakunywa. Alisimama dirishani akiwa amewapa watu mgongo. Kasisi alimfuata, akamnong'oneza kitu. Reuben akatikisa kichwa — kukubali au kukataa, kwa nyuma huwezi kujua.

Hakunitazama hata mara moja. Ningetaka anitazame? Sijui ningemrudishia uso gani.

Ivy yuko benchi la nyuma, mikono juu ya tumbo, amefumba macho. Stan anamwuliza kitu kila dakika, naye anajibu hapana.

Kengele imepigwa. Watu wanarudi kwenye viti, vikombe vinagongana. Wajumbe wameshakaa mezani.

Reuben ametoka dirishani. Amepita meza. Amepita kiti chake, chenye mikono, na kalamu imewekwa tayari mbele yake. Anakuja huku nyuma, kofia mkononi, viatu vyake vinalia. Stan amesimama, nadhani kadhani wanafukuzwa. Reuben amemshika bega, akamkalisha. Ivy amejisogeza. Reuben ameketi hapo, kati ya Ivy na ukuta.

Bi Ridd amegeuka kwanza, kisha wote.

"Reuben," Bi Ridd anasema, "kiti chako kiko mbele."

"Nakiona," anasema Reuben. Hainuki.