Faili Lililonitoa Matangani

Mpendwa Akinyi,

Hapa Kisian tuko tu. Magoti yananiuma, na mjomba wako amechelewa tena kupanda mahindi. Nimechoka hata kumgombeza.

Umeniuliza namna ya kupanga tovuti ya ndani ya kampuni yenu, ili wenzako wapate fomu zao bila kukupigia simu kila saa. Tovuti siijui. Ninachojua ni masjala ya kiwanda cha sukari, nilikokuwa karani.

Mafaili niliyapanga kwa idara, jinsi wakubwa walivyokaa ofisini. Mkata miwa akiulizia lake, wenzangu walitafuta jina, wakashindwa, wakaniita. Nilipenda sana kuitwa.

Mama yangu alipofariki, nilienda Bondo kumzika. Asubuhi ya mazishi likaja gari la kiwanda. Mkata miwa aliyekanyagwa na trekta alikuwa apasuliwe mguu siku hiyo, na hospitali ilitaka karatasi zake. Walikuwa wamezitafuta tangu jana yake.

"Mama, ni wewe tu unajua," dereva akasema.

Nikaenda. Faili nililitoa kwenye kabati la Usafiri, kwa sababu trekta ni ya Usafiri. Kichwani mwangu ilikuwa wazi kabisa. Wakanipigia makofi.

Niliporudi Bondo, mama alikuwa ameshazikwa.

Kwa hiyo waulize wenzako wao wangetafuta wapi kwanza, uweke hapo. Ukimaliza, zima simu siku nzima. Ukiiwasha ukute hakuna aliyekutafuta, basi umenishinda mimi.

Dani, nyanya yako