Video ya Dada Mei

Jumapili, jioni

Video nimeifuta kwenye simu yangu, lakini inasaidia nini sasa.

Asubuhi Mama Lin, bosi wangu wa duka la vitambaa huku ugenini, mtaa wa Marshalltown, alinialika kwenye ibada ya Wachina wenzake, chumba cha juu ya duka. Mgeni wao, Dada Mei, ametoka China. Huko anafundisha Biblia majumbani mwa watu, milango imefungwa, na wanaimba kwa kunong'ona majirani wasisikie wakawaitia polisi. Hapa aliimba mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Nikamrekodi. Sisi Wakongo ushuhuda hatuufichi, kwa hiyo nikaituma kwenye grupu la kanisa letu, na jina lake nikaliandika.

Mchana pasta wetu akaiweka mtandaoni, dunia nzima ione. Nilimpigia aitoe. "Mama Furaha, unaionea haya Injili?" Akakata simu.

Eish.

Dada Mei anarudi kwao Jumatano. Nikimwambia Mama Lin, kazi imekwisha, na wanangu wanakula kwa duka lile. Nikinyamaza, yule dada atashuka kwenye ndege bila kujua kinachomngoja. Nimepiga magoti kuomba, maneno yamegoma.

Simu haitulii. Amina, amina, amina.

Tena Dada Mei aliniona nikirekodi. Alimnong'oneza Mama Lin, naye akanigeukia: "Anauliza, hiyo ni ya kwako tu?"

Nikasema ndiyo.