Ruhusa Ambayo Hukuombwa

Mwadila, Mayu.

Ni mchana huku Nyalikungu. Minza amelala ndani, nami nimekaa kizingitini ili nimsikie akishtuka. Naona haya hata kukuandikia. Juzi nimekukana, Mama. Nimekukana mbele ya daktari na mume wangu, huku mtoto mwenye jina lako akiwa amekaa mapajani mwangu ananiangalia.

Ngoja nikueleze, maana uliondoka kabla ya mengi. Niliolewa. Ndiyo, mimi Kabula wako, uliyesema mdomo wangu utanifukuzia wachumba wote! Mume wangu anaitwa Maduhu, ni fundi kwenye kiwanda cha mafuta ya pamba hapa Maswa. Ni mpole, akikasirika anakwenda kuosha baiskeli, hata kama ni safi. Tulimpata binti, nikampa jina lako kama desturi inavyotaka. Ungemwona! Ubishi wako wote kaubeba yeye. Maduhu humwita mama mkwe, na akimletea pipi hujifanya anainama kwa heshima, mtoto anacheka mpaka anakaa chini.

Wiki hii alianguka. Tulikuwa tunapepeta mchele, ungo ukamtoka mkononi, macho yakapinduka, mkono mmoja ukaanza kutikisika. Nilijua kabla hajafika chini. Mikono yangu ikafanya yenyewe yale uliyonifundisha: nikamlaza ubavu, nikasogeza kila kitu kando, sikumtia kijiko mdomoni, nikangoja. Jirani akaja mbio akipiga kelele, "Degedege! Degedege!" Nami nikaitikia: ndiyo, degedege. Mtoto alikuwa hana homa hata kidogo.

Hospitalini daktari, kijana mmoja mwenye sauti ya taratibu, akauliza kama katika ukoo wetu, pande zote mbili, kuna mtu aliyewahi kuanguka kifafa. Maduhu akafikiri vizuri, akasema kwao hapana. Wakanigeukia mimi. Nikasema, "Hakuna." Nilisema upesi, kama mtu anayefukuza nzi. Basi tukapewa dawa za malaria, tukarudi nyumbani, na jana mtoto ameanguka tena.

Unajua nilichokuwa nakitazama pale mezani? Kadi ya bima. Ya kazini kwa Maduhu, mpya, ina picha yetu watu watatu. Nilipoiona nikaona ile yako.

Uliipenda kadi ile mwanzoni. Ushirika ulikuwa umekufa, watu binafsi wameingia kununua pamba, na yule tajiri aliyechukua kiwanda pale Bariadi akawaletea wafanyakazi bima kutoka mjini. Wewe mshonaji wa marobota, hujawahi kumiliki karatasi yenye picha yako, ukawa unaipitisha kwa majirani kama picha ya harusi. Kwa kadi ile ukapata dawa zako kila mwezi. Hukuanguka msimu mzima. Ulizimeza nyuma ya ghala la mbegu, bila maji, halafu unarudi kazini unaimba.

Hatukujua kwamba kila mwezi kampuni ya bima ilikuwa inampelekea mwajiri majina ya waliotibiwa, na ugonjwa wa kila mmoja, ili aone hela yake inafanya kazi gani. Habari zote zikipita mikononi mwa karani Masanja, mzee wa kanisa letu. Na Masanja si mtu mbaya, hapo ndipo panaponiuma. Angekuwa mbaya ningemchukia nikapumzika. Kwetu mgonjwa hafichwi. Mtu akiugua watu huambiwa, wanakuja na unga, wanakuja na kuni, wanamwombea. Naye akafanya kama alivyolelewa. Jumapili, wakati wa maombi, akasimama na kusema, "Tumkumbuke na mama yetu Minza, anayesumbuliwa na kifafa."

Kanisa zima likageuka. Ulikuwa umevaa kile kitenge cha njano. Hukuinama, hukutoka. Wimbo ulipoanza ukaimba mpaka ubeti wa mwisho, na mimi niliyekaa ubavuni mwako nikasogea kidogo. Uliona kwamba nimesogea? Nimejiuliza hilo miaka yote hii.

Shangazi wa yule kijana wa Mwamanyili aliyenichumbia alikuwa benchi la nyuma yetu. Kabla wiki haijaisha wajumbe wakaja kuchukua ng'ombe wao wa mahari. Mkubwa wao akakohoa, akasema, "Tumekuja kuwahamisha, huku majani yamekauka." Na ilikuwa masika, Mayu! Majani yalikuwa yanafika magotini! Baba mdogo akawafungulia zizi, sisi wawili tukasimama jikoni tunasikiliza kwato zinaondoka. Najua desturi, kila ukoo huchunguza ukoo mwenzake kabla ya kuoa. Lakini mwenye kuchunguza hutembea, huuliza, hutafuta. Hawa waliletewa kanisani bure.

Wakala wa bima alipokuja tena kiwandani ulimfuata. Ulinisimulia mwenyewe. Akakwambia kwa adabu kabisa kwamba mwajiri ndiye anayelipa, ana haki ya kujua. Ukamjibu, "Analipa yeye, naanguka mimi." Nilicheka siku ile. Leo nikilikumbuka silicheki tena.

Baada ya hapo ukaifunga kadi kwenye kitambaa ukaiweka chini ya godoro. Ukasema hospitali ni kwenda kumwambia Masanja, na Masanja ni kuwaambia watu wote. Ukawa unanunua vidonge dukani, mwezi huu vipo, mwezi ujao havipo. Halafu asubuhi moja ukaenda peke yako kung'oa majani kwenye jaruba la mpunga. Maji yenyewe hayafiki hata kwenye kifundo cha mguu. Ulianguka kifudifudi, na hapakuwa na mtu wa kukulaza ubavu.

Msibani walilisema, tena zaidi ya mmoja: mficha maradhi kifo humuumbua. Nikawagawia chai. Hukuficha uchi wako, walikufunua kwanza, ndipo ukatafuta nguo. Masanja naye nilikutana naye sokoni baadaye, amezeeka, akanishika mkono hauachii. "Nilitaka tumwombee tu, mwanangu." Akalia mbele ya wauza dagaa. Sikujua nimfanye nini, nikamnunulia ndizi.

Ndiyo maana Maduhu hajui. Nilipokuja Maswa kwa shangazi nilisema mama yangu alizama kwenye maji, nikaacha hapo. Si uongo, lakini nao si ukweli. Na kwa uongo huo mdogo nimejenga nyumba nzima, mume, mtoto, jina lako ndani yake. Kila akikuulizia nasimulia nyimbo zako na marobota yako, nikifika kwenye ugonjwa naruka kama mtu anayeruka mtaro. Aibu ninayoiona leo si ya kifafa, Mayu. Kifafa ni ugonjwa kama mwingine. Naona aibu kwamba wao walikutangaza bila kukuuliza, na mimi nikakufuta bila kukuuliza. Tumekufanyia jambo moja.

Ulikuwa ukizinduka, nikikufuta mdomo kwa upande wa khanga, unaniambia neno lilelile: "Usimwambie mtu, Kabula. Siku nikitaka nitasema mwenyewe." Siku hiyo hawakukuachia. Wangekuachia, labda ungesimama wewe mwenyewe kanisani na kitenge chako cha njano, ukasema kwa maneno yako, na mimi nisingesogea.

Kwa hiyo nakuomba ruhusa. Najua hutajibu, na sitaki kujidanganya kwamba upepo ukipita ni wewe. Naomba tu, kwa sababu hakuna aliyewahi kukuomba. Mjukuu wako anatibiwa ugonjwa ambao hana, na daktari hana njia ya kujua mpaka mimi nifungue mdomo.

Kesho asubuhi tunarudi hospitalini. Nitamuuliza daktari kwanza: nikikwambia neno hili linakwenda wapi? Wa bima wanampa nani? Akisema linakwenda mpaka ofisini kwa Maduhu, nitauliza kwa ruhusa ya nani, na nitawafuata wa bima niwaulize hivyohivyo, kwa mdomo huuhuu uliosema utanifukuzia wachumba. Naogopa, sikufichi. Wakwe zangu nao wana ng'ombe waliowatoa. Lakini hata wakinijibu vibaya, daktari nitamwambia.

Minza ameamka. Ameniuliza namwandikia nani, nimemwambia, mwenye jina lako. Akasema nikusalimie. Nakuahidi hatameza dawa zake nyuma ya ghala. Atameza hapa mezani, na kikombe cha maji, mbele ya baba yake.

Nasikia baiskeli ya Maduhu inaegeshwa ukutani. Lala salama, Mayu, wabeja kwa yote. Naanza na yeye, sasa hivi, kabla hajanawa mikono: mama yangu aliitwa Minza, alishona marobota, aliimba kuliko wote kanisani, na alikuwa na kifafa.

Mwanao,
Kabula