Mlinzi Anayekufa Kwanza

Dada Naliaka,

Hujambo huko Kitale kwenye mvua? Nakusihi usome kadi hii peke yako kisha uichome. Hata Mama asijue neno. Ndiyo maana nimeitia kwenye bahasha.

Unamkumbuka yule mzee Mkongo wa filamu za mazimwi za kuchekesha, aliyeigiza mlinzi ambaye lazima afe kwanza? Anaishi hapa Kakuma, kambini kwa wakimbizi. Jumanne alipanga foleni dirishani kwangu, juani, kuomba barua ya kwenda hospitali. Ghafla akashika kifua, akazunguka, akaanguka, mguu mmoja ukirusha vumbi, vilevile kama kwenye filamu. Foleni nzima ikapiga makofi. "Mzee, rudia!" Nami nilicheka, Dada, kalamu mkononi, mpaka nzi akatua kwenye jicho lake lililo wazi na yeye hakupepesa.

Sasa amelazwa Lodwar. Leo nilikwenda kumwomba msamaha. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Karani, nilianguka muzuri?"

Mkuu wangu ameandika kwamba tulimsaidia papo hapo. Jumatatu anataka sahihi yangu. Naogopa kufukuzwa, lakini mkono unakataa. Niambie nifanye nini.

Usipige simu ofisini. Mpe kondakta wa basi barua ya majibu, amwachie mama wa chai kwenye stendi ya Lodwar. Nitaichukua Jumamosi nikienda wodini. Ukiweza kuja, nitafute kando ya kitanda chake. Anawatania wauguzi, wote wanacheka. Asiyecheka ndiye mimi.

Mdogo wako akupendaye,
Wafula