Kazi Zilizolala Zinaamka Asubuhi

Jumatatu, tarehe 4
Umeme saa moja. Nimewasha kompyuta, nimefagia, nimepanga karatasi, nimekunywa chai yote. Bado inazunguka. Dakika kumi na tano! Mama anaandikia watu barua na kuwatolea fotokopi hapa Ndosho, na kompyuta ni hii moja tu. Muzee mmoja mwenye dosie ya karatasi kwapani akauliza: «Mama Furaha, mashine yenu inasali kwanza?» Wote wakacheka. Hata mimi, kidogo.

Jumanne, tarehe 5
Wateja wawili wamehamia kwa jirani. Mama amechoka: «Siku ya posho, Jumamosi hii, fundi anakuja. Atoe hiyo Linux yako, arudishe ya zamani.» Linux, mfumo unaoendesha kompyuta, niliiweka mimi, wakati wa vakansi, shule zimefungwa, kwa kufuata kitabu cha Kifaransa. Ni kitu pekee nilichowahi kufanya watu wakasema «aah!» Nimekasirika sana. Nimepanga karatasi tena. Mimi sijibugi.

Jumatano, tarehe 6
Nimeiuliza mashine yenyewe. Kuna amri inayotoa orodha: kazi gani imekula dakika ngapi wakati wa kuwaka. Ya kwanza kabisa: kunakili dosie zote za wateja kwenye diski ya pili. Dakika kumi na nne na zaidi.
Aliyeipanga ile kazi ni mimi.
Nimeona haya, na nilikuwa peke yangu.

Alhamisi, tarehe 7
Nimeelewa. Niliiandikia: kila siku, saa nane za usiku, watu wamelala. Nikajiona mwerevu. Nikasahau kwamba Mama anachomoa kila kitu jioni, maana umeme wa Goma ukirudi kwa nguvu unaunguza. Basi saa ya kazi inapita mashine imezimwa. Asubuhi ikiwaka, inakumbuka kazi iliyolala, inaanza nayo. Mtumishi mwaminifu, masikini!
Nimebadilisha mistari miwili: ingoje nusu saa kwanza, halafu ifanye polepole. Kesho nitaona.

Ijumaa, tarehe 8
Hakuna umeme. Kutwa nzima. Sina cha kumwonyesha Mama, na fundi ni kesho. Itabidi niseme kwa kinywa.

Jumamosi, tarehe 9
Umeme umerudi. Fundi alifika na flashi yenye mfumo wa zamani mkononi tayari. Wateja watatu ndani. Nikasema: «Mama, ni mimi.» Sauti ya mbu. Nikarudia. Nikaeleza yote, jasho tupu.
Fundi akasema: «Tuone kwanza.» Akawasha.
Haikufika dakika moja!
Mama akashika kiuno: «Tangu siku ya tatu, Jumatano ile, unajua? Mutoto huyu! Kinywa chako nacho kinangojaga nusu saa?» Mteja mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Fundi akarudisha flashi mfukoni, akaniomba nimwandikie ile mistari. Mimi! Nimwandikie fundi!

Jumapili, tarehe 10
Misa. Halafu nyumbani, sombe ya majani ya muhogo na samaki. Mama amenipakulia mimi wa kwanza, kabla hata ya Papa, baba yangu. Nimekula polepole.