Usipokee Namba Ngeni

Jumatatu, 5 Mei

Kliniki ya watoto. Akina mama wachache, baridi imewazuia. Mchana ugali na maharage, peke yangu, nimesimama jikoni. Kukaa kitako kula peke yangu kunanikera zaidi.

Siku nzima ujumbe mmoja tu kwenye simu. "Ile hela itume kwenye namba hii." Tapeli. Nimefuta. Ila niliposikia simu inalia nilitoka bafuni mbio na sabuni masikioni. Aibu tupu.

Simu ya zahanati imekufa. Ilitumbukia kwenye ndoo ya kudekia. Mganga mfawidhi yuko kozi, nimebaki mimi na Mama Safari, mhudumu wetu. Nitatumia laini yangu mpaka watuletee nyingine. Yaani mpaka Yesu arudi, anavyosema Mama Safari.

Jumatano, 7 Mei

Chanjo ya kichaa cha mbwa imefika kutoka Katesh. Hatimaye! Nimeipokea kama mgeni wa harusi.

Kichupa kimoja ni cha binti wa Gidamis, mfugaji. Mbwa alimng'ata mguuni, na mbwa mwenyewe akafa akitokwa udenda. Mama yake alimleta, nikamchoma mbili. Ya tatu haikuwepo. Sasa ipo, na wao wameshahamia bondeni na ng'ombe. Namba iliyo kwenye kadi ni ya baba. Sijawahi kumwona.

Nimempigia. Sauti nzito. Nikamwambia mimi ni nesi wa zahanati, nahakiki jina kamili la mtoto na umri wake, na kesho asubuhi amlete. Akakata. Nikapiga tena, akakata. Mara ya tatu haipatikani.

Mtandao wa huku, nikasema.

Alhamisi, 8 Mei

Si mtandao. Ni ujinga.

Mama Safari amenionyesha ujumbe kwenye kundi la kijiji. Herufi kubwa tupu. TAHADHARI. Kuna watu wanapiga simu wakijifanya manesi. Ukipokea tu, pesa zote kwenye simu zinaondoka. Ukipeleka mtoto wanakokutajia, ananyonywa damu. Usipokee namba ngeni. Watumie watu kumi leo hii, usipotuma utajuta.

Aliyeutuma ni mwenyekiti wa kitongoji. Mtu mzima na akili zake! Nimemfuata. Nani ameibiwa? Hajui. Wapi? Hajui. Ametumiwa na shemeji yake wa Dongobesh, naye shemeji katumiwa na mwingine.

Ila kuna kitu cha kweli chini yake. Mnada uliopita mzee mmoja aliuza ng'ombe. Jioni akapigiwa na mtu aliyejiita wa kampuni ya simu, ana haraka, anafoka: soma namba zilizoingia kwenye simu yako sasa hivi, la sivyo laini inafungwa. Mzee akatafuta mjukuu wa kumsomea. Pesa ya ng'ombe ikaenda yote. Huo ni wizi, na aliyeibiwa namjua, nilimtibu jicho. Basi watu wakalibeba hilo na kuongeza chumvi. Nesi akaingizwa. Damu ikaingizwa.

Nimemweleza mwenyekiti taratibu, nikijizuia. Tapeli lazima akuombe kitu. Namba ya siri, pesa, zile namba zinazoingia. Kupokea simu peke yake hakumpi mtu chochote. Huu ujumbe wako hausemi ukatae kutoa nini. Unakwambia uogope, halafu usambaze uoga. Akasema lakini Nesi, si bora tahadhari? Bora tahadhari! Mtoto atakufa na tahadhari yake.

Nimemwomba atume mtu bondeni. Korongo limejaa, pikipiki hazivuki.

Kichaa cha mbwa kikishaanza hakuna dawa. Nilimwona mgonjwa mmoja nikiwa chuo. Alikuwa anaogopa kikombe cha maji. Sitaki kuandika zaidi.

Ijumaa, 9 Mei

Nimemtumia ujumbe Gidamis. Nikausoma nikiwa nimeshautuma. "Mlete mtoto zahanati haraka sana. Ni muhimu. Nesi." Loo! Hata mimi ningeufuta.

Nimeswali adhuhuri chumbani, kwenye kanga. Ijumaa ndiyo siku mbaya kuliko zote huku. Nyumbani Newala siku kama ya leo nyumba inajaa watu.

Ilikuwa inajaa. Mama alifariki Februari. Dada Zuhura alipopiga walikuwa wanajiandaa kuzika alasiri hiyo hiyo. Kutoka hapa mpaka Newala? Hata ningepaa. Nikarudisha begi ndani, kesho yake nikafungua kliniki. Hapa sikumwambia mtu. Wangesema pole, halafu wangeuliza foleni inaanzia wapi. Na Zuhura siku hizi tunaongea bei ya korosho tu, kama watu wa sokoni.

Gidamis bado hapatikani. Nina hasira naye na sijui hata sura yake.

Jumamosi, 10 Mei

Mama Safari amenisema leo, na nilistahili.

Aliniambia nirudie maneno niliyomwambia Gidamis, neno kwa neno. Nikarudia. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Shikamoo iko wapi? Wewe mtoto, umeanza na jina la binti yake! Hata mimi ningekata." Akasema huku mtu mgeni anatoa shikamoo, anatulia, anaulizwa ametoka wapi, ni wa nani, kwao hawajambo? Mvua je? Hapo ndipo wanamjua. Anayeruka yote hayo ana lake jambo.

Nikang'aka. Mimi nina kazi, sikuja huku kuulizana habari za ng'ombe. Nilitoka nje nikakaa karibu na tangi la maji. Hasira ikaisha. Kumbe mwaka wote huu naingia na kutoka kwenye maisha ya watu na bomba la sindano, sina salamu.

Nimepiga jioni, ng'ombe wakiwa wamerudi. Imeita. Akapokea. Nikasema shikamoo baba. Akachelewa. Marahaba.

Nikanyamaza. Kunyamaza kulinitoa jasho, mtoto yule yuko huko na siku zinakwenda. Lakini nikanyamaza.

Akauliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamtajia marehemu baba. Kwetu wapi? Newala, kusini kabisa. Tunafuga nini? Hatufugi, tunalima korosho. Akataka kujua mti huo unavumilia ukame namna gani. Nikamweleza. Maskini, nilieleza kama mtu aliyefunguliwa kamba mdomoni. Halafu akauliza, mama yako hajambo?

Ningejibu hajambo. Nimejibu hivyo tangu Februari. Nikasema amefariki. Nikasema sikumzika. Sauti ikakatika, nikalia kwenye simu ya mtu ninayemtafuta kwa ajili ya sindano. Hakukata. Nilisikia ng'ombe, na mtu anakohoa. Akauliza nani alikaa na mimi kwenye msiba. Nikasema hakuna. Akauliza tena, kana kwamba hakusikia. Hakuna, baba.

Akasema yule aliyempigia jirani yake, mzee aliyeibiwa pesa ya ng'ombe, alikuwa na haraka. Na mimi juzi nilikuwa na haraka. Kisha salio langu likaisha, kwi, simu ikakatika.

Sijamtaja mtoto! Sikutaja sindano hata mara moja. Duka la vocha limefungwa. Nesi gani mimi.

Jumapili, 11 Mei

Vocha nimepata. Hapatikani. Hapatikani. Hapatikani.

Mama Safari ametoka kanisani akanikuta nimekaa kwenye ngazi na simu. Akasema chaji imewaishia, huko hakuna umeme. Labda. Au nimemtisha kwa kilio. Nimepoteza nafasi yangu moja ya maana ya kuongea naye kwa kujililia mwenyewe. Kile kikombe cha maji hakinitoki kichwani.

Jumatatu, 12 Mei

Wamekuja.

Sijafungua hata mlango. Gidamis, mrefu, amejifunga shuka nyekundu. Mke wake. Bibi wawili siwajui. Mtoto mgongoni kwa mama. Wametoka jana, wakalizunguka korongo kwa juu, kwa miguu.

Sikusalimia. Nilimrukia mtoto. Hana homa. Kidonda kimefunga. Nikampa maji kwenye kikombe, akanywa yote, akataka mengine. Nikamchoma. Alilia kwa nguvu zake zote na mimi nikafurahi alivyolia. Ndipo nikakumbuka shikamoo. Gidamis akaitikia, ametabasamu kidogo.

Nikamweleza tarehe ya kurudi. Akasema amesikia. Nikadhani wataondoka. Hawakuondoka. Walikwenda wakakaa kwenye benchi la kusubiria, wote. Nikauliza kuna mgonjwa mwingine? Gidamis akaniambia hapana. Wao wamekuja msibani. Mtoto wamempitisha tu, kwa kuwa njia ni moja.

Nimeandika hivyo alivyosema. Sindano hakuiamini. Pengine hata sasa haiamini. Ningemwambia mama hajambo, yule mtoto asingefika hapa. Mimi ndiye ningesema hajambo, na yeye ndiye angekufa. Naogopa ninapoandika.

Nikakaa nao. Kliniki ikasimama, akina mama waliofika wakaambiwa kuna msiba, wakakaa chini na wao. Mama Safari akaleta chai, macho mekundu, amenuna kwa kuwa sikumwambia. Yule bibi mkubwa akauliza jina la mama. Somoe. Akalijaribu, akakosea, akalirudia mpaka likamkaa. Alikuwa mpole? Mkali, nikasema. Mkali sana. Wakapenda hilo.

Walikaa mpaka jua likapanda. Nililia mbele za watu, nikiwa na sare.

Jumanne, 13 Mei

Baridi. Wagonjwa wachache.

Mwenyekiti amefuta ule ujumbe. Ameandika mwingine, mfupi: ukiombwa namba ya siri kata simu, nesi wetu anatumia namba hii. Amekosea tarakimu moja, nimemfuata akairekebisha.

Jioni nimempigia Zuhura. Nilimwomba anisimulie mazishi, toka mwanzo. Sikuwahi kumuuliza. Aliniambia nisubiri afunge mlango kwanza. Kisha akaniambia nani walimwosha mama, nani alitafuta sanda, na kwamba walinisubiri kidogo pale mlangoni ingawa walijua siji.

Nimeota moto. Nimelala mapema.